Kalibu za Bwana Shee Zilikuwa Nzima

Mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo wa karakana. Ombi lenyewe mlilitoa siku ya kuniaga, mbele ya sahani za biriani, nami nikaitikia kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nilidhani nitaandika kurasa chache juu ya uji, kalibu na tanuri, nitie vichekesho viwili vitatu, niwaache mkiamini kwamba mzee wenu alikuwa mtu wa maana. Nimejaribu mara tatu. Kila nikifika mwaka wa tatu wa kazi, kalamu husimama, kwa sababu mwaka huo nilifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu anayelijua. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na jina refu kuliko kazi yake.

Kwa atakayeokota karatasi hizi bila kuijua karakana yetu ya Wiyoni, hapa Lamu: hutengenezwa humo pistoni na pete za kauri ngumu nyeupe, za pampu zinazosukuma maji ya bahari kwenye vichujio yatoke matamu. Chuma huliwa na chumvi, kauri hailiwi. Kazi yenyewe ukiieleza haraka hufanana na mapishi. Unachukua unga laini wa alumina, unautia maji kidogo mno na matone ya dawa ya kuuzuia usishikane, unauzungusha kutwa nzima ndani ya pipa lenye mawe, kisha ule uji unaumimina katika kalibu ya plasta. Plasta hunywa maji, unga hubaki umejipanga kwenye kuta za kalibu, na baadaye unatoa kipande kibichi, unakianika kivulini siku kadhaa, unakichoma. Ugumu wote umo kwenye lile neno "kidogo". Unga uwe mwingi kadiri inavyowezekana, na bado uji umiminike. Maji yakizidi, kipande hunywea na kupasuka. Yakipungua, huna uji tena, una tofali.

Nilifika nikiwa na miaka arobaini na mitatu, shahada mbili, na sanduku la vitabu ambalo punda alilibeba kutoka gatini kwa manung'uniko yaliyosikika mtaa mzima. Nilikuwa nimefundisha chuo bara miaka mingi. Nilijua kwa nini chembe za unga husimama mbalimbali ndani ya maji, ningeweza kuwachorea ubaoni, lakini sikuwahi kuumimina uji hata mmoja kwa mkono wangu. Siku ya kwanza nilipiga hesabu kwenye daftari, nikapima kwa mizani, nikawasha pipa. Jioni nikalifungua mbele ya watu wote. Kijiko nilichokichomeka kilisimama wima, hakikuinama.

Aliyekuja kutazama alikuwa Bwana Shee, mtengeneza kalibu wetu. Alikuwa mtu wa makamo ya kuelekea uzee, mwembamba, kofia yake daima safi kuliko chochote kilichokuwamo karakanani. Kabla ya kuajiriwa kwetu alikuwa amefanya kazi ya plasta katika nyumba za mji tangu ujana wake: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, nakshi za vyumba vya ndani, na marekebisho ya nyumba ambazo wenyewe hawakutaka fundi mwingine aziguse. Alikitazama kijiko changu, akanitazama mimi.

"Bwana Injinia," akasema, "hii ni halua. Kahawa i wapi?"

Jina hilo la Injinia likanishika tangu siku hiyo. Sikuwa injinia. Nilijaribu kueleza, kisha nikaona linanipendeza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Alinionyesha kwamba plasta hunyunyizwa juu ya maji, wala si maji kumwagwa juu ya plasta. Kwamba ukishainyunyiza unaiacha inywe, huigusi. Muda huo aliupima kwa kusoma Ayatul-Kursi mara tatu kimoyomoyo, na hakukosea hata siku moja. Mimi nilikuwa na saa ya mkononi na nilikosea. Baadaye alitumbukiza mkono wa kulia hadi karibu na kiwiko, akauzungusha chini kwa chini bila kuuvunja uso, ili viputo visiingie. Hakuwa na kipimo kingine. Plasta ilipoanza kuwa nzito kwenye vidole vyake alisema "sasa", na wakati wa kumimina ulikuwa huo. Kalibu zake zilikunywa maji sawasawa pande zote. Nilizipima kwa siri, nikitafuta kosa. Sikulipata, na nakiri kwamba nilisikitika kidogo.

Katika mwaka wa pili tukatoa pistoni ya kwanza iliyokuwa safi kabisa. Mnajua jinsi ya kuijua: unaitundika kwa uzi, unaigonga kwa kijiti, inalia kama kikombe kizuri cha kaure. Bwana Shee aliigonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alisema amejenga zidaka maisha yake yote na hakuna hata kimoja kilichowahi kumjibu.

Sasa nifike kwenye maji.

Uji wetu hutaka maji ya mvua, na sababu mnaijua, lakini nitairudia kwa kuwa ndiyo iliyonihukumu. Chembe za unga husukumana, ndiyo maana uji uliojaa unga namna ile bado unaweza kumiminika. Chumvi huondoa huko kusukumana. Chembe zikashikana mafungu mafungu, uji ukawa mzito mahali na mwepesi mahali, na kipande kikakauka kwa kuvutana chenyewe kwa chenyewe. Maji ya visima vya kwetu yote yana chumvi, mengine kidogo, mengine ya kutosha kuungia mchuzi. Kwa hiyo tulikuwa na tangi la mvua nyuma ya karakana, na juu ya mfereji wake kibao nilichokiandika mwenyewe: maji haya ni ya kazi tu.

Mwaka wa tatu mvua za masika hazikuja. Visima vya mtaani vikaanza kukolea. Jirani yetu, Bi Fatuma, mwanamke wa umri wa mama yangu, akaja asubuhi moja na dumu, akasimama chini ya kile kibao ambacho hakujisumbua kukisoma.

"Mwanangu Injinia, nipa dumu moya tu. Ni ya kunywa, si ya kufulia."

Nani kati yenu angemnyima? Sijui mtu wa kwetu anayeweza kumtazama mama mzima usoni na kumnyima maji ya kunywa, akamweleza habari za chembe zinazosukumana. Nikampa. Kesho yake alikuja na dada yake. Wiki iliyofuata palikuwa na mstari wa madumu hadi kwenye kona, nami ndiye niliyefungua na kufunga mfereji, nikiombewa dua na kila mtu. Msikitini watu walinishika mkono kwa muda mrefu kuliko desturi. Imamu alinitaja, bila jina, lakini akinitazama. Kutoa maji hakukuwa kosa. Ningekuwa nimemwambia mkurugenzi wetu, mama mpole aliyekuwa akija kutoka Nairobi kila baada ya miezi michache, nadhani angekubali na tungesimamisha kazi kwa muda. Sikumwambia. Ningesimamisha kazi, watu wangejua kwamba maji yale yalikuwa yanatoka kwenye kazi ya wengine, si kwenye ukarimu wangu.

Tangi likashuka hadi mfereji ukawa unatoa hewa. Hapo ndipo nilipomwita mchukuzi mmoja mwenye punda wawili, akaniletea madumu ya maji ya kisima, nikayamimina tangini kwa mikono yangu wakati wenzangu wamekwenda kula. Niliyaonja kwanza. Niliyaona matamu. Ulimi uliokulia Lamu si kipimo cha utamu wa maji, na hilo nililijua nikiwa nayameza.

Uji wa wiki ile ukaanza kufanya kiburi. Ulikuwa mzito kabla ya wakati. Nikaongeza dawa, ukazidi. Nikaongeza maji, ukakubali kumiminika, nami nikajidanganya kwamba umepona. Vipande vibichi vilitoka vizuri kwa macho. Tulipolifungua tanuri, pistoni kumi na mbili kati ya kumi na nne zilikuwa na ufa mwembamba wa kuzunguka, na hizo mbili zilizobaki zikigongwa zililia kama mlango wa mbao. Zilikuwa pistoni za kijiji cha Mkokoni. Mtambo wa maji wa huko ulikuwa umesimama ukizisubiri, na watu wake wakinywa maji yaliyoletwa kwa mashua kutoka mbali. Yaani nilikuwa nawanywesha majirani zangu kwa kiu ya Mkokoni, na wa Mkokoni hawakuwa na nafasi ya kunishika mkono msikitini.

Tukarudia, zikapasuka tena. Kalibu nazo zikaota kitu kama manyoya meupe juu ya uso wake. Mmoja wa wenzetu akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine plasta imechanganywa na chokaa, kwa kuwa mafundi wa mjini wana mazoea hayo. Neno likaenda. Baada ya siku mbili lilikuwa limeacha "pengine" njiani.

Adhuhuri moja nilibaki peke yangu na zile kalibu. Nikaikwangua moja kwa ukucha, nikaweka yale manyoya ulimini. Ilikuwa chumvi. Haikuhitaji shahada. Nikakaa juu ya gunia la unga, nikajua yote: maji, uji, nyufa, manyoya, na jina la mtu aliyefanya. Ninataka mwelewe mpangilio huu vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kuupindua kichwani ili ionekane nilijua baadaye. Nilijua siku ya Jumanne. Mkurugenzi alikuja Alhamisi.

Kikao kilikuwa katika chumba cha mizani, watu watano. Mkurugenzi aliuliza kwa adabu kama kuna lolote lililobadilika. Nilikuwa na ripoti mkononi, na ndani ya ripoti hiyo mlikuwa na ukurasa mzima juu ya hali ya kalibu, na sentensi moja juu ya maji, kwamba yametoka tangini kama kawaida. Sentensi hiyo ilikuwa kweli. Yalitoka tangini.

Mkurugenzi akamuuliza Bwana Shee kama alitia chokaa. Akasema hakutia. Akaulizwa kama plasta ilikuwa ya gunia lilelile. Akasema ni lilelile. Kisha akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya meza, akanigeukia mimi.

"Labda ni mkono," akasema. "Mkono huzeeka. Wewe wasemaje, Injinia? Wewe ndiye uliyesoma."

Hakuwa akinikejeli. Katika miaka yote, hiyo ndiyo siku pekee aliyolitaja jina hilo bila utani ndani yake. Alikuwa anauliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari.

Nikasema, "Kalibu zina ukungu mweupe."

Sikusema zaidi ya hapo. Hakuna aliyefukuzwa. Mkurugenzi alisema tuangalie upya namna ya kutengeneza kalibu, basi. Asubuhi yake Bwana Shee alikuja na funguo, akaziweka juu ya mizani yangu, akasema hatangoja aambiwe. Mkono wake umepoteza kipimo, na yeye hataki watu wa Mkokoni wakae na kiu kwa sababu ya mkono wake. Nilimwambia asifanye haraka. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Mvua za vuli zilipokuja nililiosha tangi mwenyewe, ndani na nje, nikijifanya mtu wa usafi. Tukaleta kalibu kutoka Mombasa. Uji ukatulia, pistoni zikalia vizuri, Mkokoni wakapata mtambo wao. Kila mtu akaona ushahidi: kalibu mpya, kazi nzuri. Ukweli ulikuwa umezikwa na mafanikio, na juu yake nikajenga miaka tisa ya sifa ambayo mliila pamoja nami kwenye ile biriani.

Nilisikia habari zake kidogo kidogo. Alikuwa amehamia Kipungani kwa watu wa mkewe. Harusini mtu mmoja alinisimulia kwamba alimfuata amtengenezee zidaka za nyumba ya urithi, akakataa. Mwingine alimwendea kwa ukuta tu, wa kupaka, akakataa pia. Alisema mkono wake humdanganya. Msimuliaji akatikisa kichwa, akasema ni hasara kwa mji. Nikakubali kwamba ni hasara, nikaongeza pilau.

Basi mliponiomba niandike, nikaona siwezi kuanza na nyinyi. Nikaenda Kipungani kwanza. Nilifika kabla ya sala ya alasiri. Walikuwa wamekaa barazani, yeye na mkewe Bi Rukia, ambaye alikuwa anasuka ukili wa mkeka na hakuacha kusuka kwa sababu ya kuja kwangu. Bwana Shee alifurahi kuniona, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angekasirika. Akanimiminia kahawa. Nikaona kwamba birika amelishika kwa mikono miwili, na bado lilikuwa linatikisika, kahawa ikaingia kwenye kisahani. Uzee ulikuwa umemfikia kweli.

Nikamwambia. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, yenye ukame, majirani, na udhaifu wa binadamu. Nilipoanza, yote yale yakaonekana kama ule ukurasa wa ripoti, nikayaacha. Nikasema nilitia maji ya kisima kwenye tangi, nyufa zilitoka kwenye chumvi, manyoya yale yalikuwa chumvi, na niliyaonja siku mbili kabla ya kikao.

Bwana Shee alikisogeza kando kile kisahani chenye kahawa.

"Ile plasta ilikuwa sawa?" akauliza.

"Ilikuwa sawa."

"Na kunyunyiza? Na kukoroga?"

"Vyote vilikuwa sawa, Bwana Shee. Kalibu zilikuwa nzima."

Akamgeukia mkewe. "Rukia, umesikia?"

Bi Rukia akasema yeye hakusikia, kwa kuwa mgeni anaongea kama mtu mwenye tende mdomoni. Nikarudia. Safari hii aliacha kusuka. Hakunitukana. Alisema tu, kwa sauti ile ya kuhesabu vitu vya ndani, kwamba watu walikuwa wakija na yeye ndiye aliyekuwa akiwarudisha mlangoni. Aliwaambia mkono wa mume wake umekufa, wasimwaibishe kwa kumwomba asichokiweza. Aliwaambia hivyo watu wa nyumba nne, tano. Alidhani anamsitiri.

Bwana Shee aliuinua mkono wa kulia, akaushikilia mbele ya macho yake. Ulikuwa unatetemeka kama kitu kilichofungwa kwa uzi.

"Sasa ndiyo umekwenda," akasema. "Wakati ule ulikuwa mzima."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi atanipa, lakini nisiondoke kwanza. Tukasali alasiri palepale; tulipomaliza, watu walikuwa wanatoka msikitini. Akamwita wa kwanza kwa jina, mzee mmoja wa nyumba ya pili, akamwambia, "Ndoo hapa usikize, kuna mtu ana maneno." Mzee akaja, akasimama, nami nikasema: maji niliyatia mimi, kalibu zilikuwa nzima. Mzee akamtazama Bwana Shee, akatikisa kichwa, akaketi asikilize tena, kwa sababu Bwana Shee alikuwa tayari amemwita wa pili. Huyo alikuwa mtu wa zile zidaka za urithi. Kwake nilitakiwa nieleze kirefu, mambo ya chembe na chumvi, na Bwana Shee akanisahihisha mahali niliporuka. Wa tatu alikuwa na haraka, akaambiwa haraka yake ingoje. Baraza likajaa. Hakuna aliyenifokea. Walinisikiliza kama watu wanaosikiliza ushahidi wa kuandama kwa mwezi, wakitaka kujua niliona nini, saa ngapi, nikiwa wapi.

Mtu wa mwisho alipokwenda, Bwana Shee akaniambia bado kuna wale wa karakanani. Nikasema nitawaandikia. Akasema niandike hivyohivyo, nisiupambe.

Pale barazani niliyasema mara sita. Hii ni ya saba.